Radhi ya Mkono wa Shoto

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Sisemi kwa kiburi, nasema kwa niliyoyaona. Nimeona mwenye malori akirudi kusukuma mkokoteni, nimeona ghorofa ikibomolewa kabla haijapakwa rangi, nimeona watu wakigombania kiwanja mpaka wote wakafa na kiwanja kikabaki. Mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba magunia soko la Kongowea, na leo nina maduka ya vifaa vya ujenzi, moja Kisauni na jingine Bombolulu, na wenye digrii zao huja kuniomba kazi, mimi niliyeishia darasa la saba na hilo la saba lenyewe sikulimaliza vizuri. Mtu aliyepita nilikopita hashangai tena. Hushangaa waliokaa ndani.

Basi mwezi uliopita nilikuwa Magongo. Mzee wangu alikuwa amefariki, tukamzika, na siku ya hitima nikatoka nje kidogo kupunga upepo maana nyumba ilijaa watu na moshi wa ubani. Nyuma ya nyumba ile pana uwanja wa shule, na watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti. Nikasimama kwenye ua wa waya kuwatazama. Kijana mmoja akaja mbio, kijiti mkononi, akapiga ukelele, "Shika!" Na mimi, mtu mzima, kanzu nyeupe na kofia ya vito kichwani, nikahisi mkono wangu wa kushoto umekwenda nyuma wenyewe. Kiganja kimefunguka, vidole vimetengana na gumba, unangoja kupewa. Niliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Wallahi nilishangaa.

Mimi ni mtu wa shoto. Leo nasema bila kujificha, hundi zangu zote naandika kwa shoto na benki hawajalalamika. Lakini nyinyi wa rika langu mliolelewa pwani mwajua ilivyokuwa. Nililelewa Kisauni na bibi yangu mzaa baba, kwa kuwa mamangu alifariki nikiwa mdogo sana. Bibi alipika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi, na hata leo nikisikia harufu ya iliki ikichanganyika na mafuta ya moto, hurudi kwenye baraza ile, miguu mitupu, macho yana usingizi. Alikuwa mpole, hakuwahi kunipiga. Lakini mikono kwake ilikuwa na kazi zake. Wa kulia ni wa kula, wa kutoa, wa kupokea na wa kusalimia. Wa kushoto ulikuwa na kazi moja, na kazi hiyo haikuwa ya kutajwa mbele ya chakula. Alipoona wangu wa shoto unatangulia kwenye sinia, alichana kipande cha leso kuukuu akaufunga mgongoni kila tukikaa kula. Fundo lenyewe lilikuwa laini. Kitambaa kilinuka karafuu na moshi wa kuni.

"Mkono huo, Mbwana mwanangu," alikuwa akiniambia huku akifunga, "hufukuza heri mlangoni."

Alisema kama wazee wote walivyosema, jinsi mtu anavyosema usipige mluzi usiku. Ila mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hujumlisha anachokiona. Siku moja bibi hakuwepo, nikala wali kwa mkono wangu nilioupenda, mpaka nikalamba vidole, na babangu akaingia akaniona. Hakusema kitu. Keshoye asubuhi akaipakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akaenda zake Magongo, upande wa pili kabisa wa mji, na huko akaoa, akafungua kibanda cha ushoni. Hakuna aliyenieleza neno. Zamani hakuna aliyekaa kumweleza mtoto. Basi nikajieleza mwenyewe: heri iliyofukuzwa mlangoni ni Baba, na aliyeifukuza ni mkono wangu.

Alikuja sikukuu za Idi. Aliniletea kanzu aliyoishona mwenyewe, akala, akamuaga mamake, akaondoka. Muda wote akiwa pale mimi niliukalia mkono wa shoto, nimeuweka chini ya paja mpaka ukafa ganzi. Majirani walinisifu, wakasema mtoto huyu ana adabu ya kukaa.

Sasa nije kwenye mbio. Shuleni kwetu alikuja mwalimu kijana kutoka Ukambani, Mwalimu Musyoka, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata nyama. Akatukimbiza wote, akachagua wanne. Nilichaguliwa, na ningeshangaa nisingechaguliwa, kwani miguu nilikuwa nayo. Wa kwanza alikuwa Karisa, mfupi, anayeondoka mstarini kama panya. Mimi wa pili. Wa tatu alikuwa Twaha, mtoto wa ustadhi aliyetusomesha chuo cha Kurani. Wa nne alikuwa kaka mkubwa mmoja wa darasa la saba ambaye hatukumzoea.

Watu hudhani mbio hizi ni kukimbia. Si kukimbia. Ukichukua wanne wenye kasi wasiojua kupeana, watashindwa na wanne wa kawaida wanaojua, na hili nimeliona hata kwenye biashara, lakini tuliache. Kijiti chetu kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio kilichozungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme. Jua likikipiga, utepe unalainika, unanata kiganjani na kunuka. Mwalimu alichora mistari kwa jivu kwenye mchanga, kisanduku kirefu, akasema ndani ya kisanduku hiki ndimo mnamopeana, mkitoka nje mmeharibu. Nyuma ya kisanduku akaweka ndara kuukuu. Mwenzio akifika kwenye ndara, wewe ondoka, kimbia kama unafukuzwa, usigeuze shingo. Ukisikia "Shika!" tupa mkono nyuma, kiganja kimetulia, usiutikise. Mtoaji ndiye mwenye macho. Mpokeaji ana masikio tu.

Na mikono ipishane. Karisa anakumbatia kona, kwa hiyo anabeba kwa kulia. Mimi napokea kwa kushoto, nakimbia na kijiti kushoto, nampa Twaha kwenye mkono wake wa kulia. Twaha ana kona yake, anampa wa nne kushoto. Ukihamisha kijiti kutoka mkono hadi mkono umekwisha, alisema, maana umepunguza mwendo na huenda ukakiangusha.

Nilipomsikia akisema kushoto, nilidhani ni mtihani. Nilidhani anatutega aone nani hana malezi. Nikapokea kwa kushoto, hilo nikaliweza, lakini kila nilipomkaribia Twaha nilikihamisha kwenda kulia. Nimpe mtoto wa ustadhi kitu kwa mkono wa shoto, tena nyuma ya mgongo? Basi tukawa tunagongana. Mimi kulia, yeye kulia, miguu yangu ikamkanyaga visigino, kijiti kikaruka mchangani. Mwalimu akapiga filimbi, tukarudia, nikahamisha tena.

"Kijana, hiyo mkono unabadilisha ya nini?" akaniuliza.

Niliinama nikakipangusa kijiti mchanga.

Wakati huohuo ikajulikana kwamba mashindano yatakuwa Changamwe. Jirani yetu aliyefanya kazi bandarini alikuwa akipita Magongo, bibi akampa salamu amfikishie mwanawe: mtoto wako atapiga mbio huko kwenu Jumamosi, nenda kamtazame. Jibu likarudi kwamba atakuja. Nilikosa usingizi kwa furaha, na furaha yenyewe ikageuka. Mwalimu alikuwa amesema nikihamisha mkono mara nyingine ataweka mtu mwingine. Nikiuhamisha, siendi Changamwe, na Baba atakuja atazame watoto wa watu. Nisipouhamisha, atakuja aniangalie nikiutoa mkono uleule uliomfukuza, hadharani. Nilijua hata Idi hatakuja tena.

Siku hiyo sikula. Bibi alitoa wali wa nazi na samaki wa kupaka, sikugusa. Mtoto wa kiume akikataa samaki wa kupaka, hapo pana jambo. Akanihoji polepole huku akiniosha mikono, yote miwili, mpaka nikamwambia la mwalimu na la Twaha. La Baba nikalimeza.

Kesho yake alasiri tuko uwanjani, nikamwona anakuja, buibui lake jeusi linafagia mchanga, amenyooka kama mtu anayekwenda kudai. Wenzangu wakaanza kucheka chini kwa chini. Mwalimu akamwamkia shikamoo, bibi akamwitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja.

"Mwalimu, nimekuya kukuuliza. Huyu mjukuu wangu mwamfunda mbio au mwamfunda utovu wa adabu?"

Mwalimu akaeleza, akachora kwa kijiti mchangani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kukata maneno ya mwenzake.

"Nyinyi wa bara hupeana vitu kwa mkono wowote, hilo si langu," akasema. "Lakini huyu Twaha babake ndiye awasomeshaye hawa chuoni. Apewe kitu kwa shoto, tena mgongoni, kama mbwa atupiwaye mfupa?"

Twaha akaangalia chini. Mwalimu hakubisha. Akamwomba bibi asimame kando atazame. Akatukimbiza kwanza kulia kwa kulia, tukagongana, Twaha akaanguka kifudifudi na mchanga ukamjaa mdomoni. Kisha akanishika bega akaniambia mara moja tu, kwa kushoto, bibi yako yuko hapa. Nikafumba jicho moja nikampa. Kijiti kikaingia kiganjani mwa Twaha kama ufunguo kwenye kufuli lake, naye akaondoka hata hatukusikia kishindo.

Bibi akaomba kijiti, akakigeuza, akakishika kwa kulia, halafu kwa kushoto, akautupa mkono wake mwembamba nyuma ya buibui kujaribu. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mtu mkono wake wa kulia ukiwa na shughuli," akasema, "hutoa kwa shoto na huomba radhi. Hata kadhi haoni uchungu. Basi na aombe radhi."

"Mama, mtu anakimbia namna hiyo ataongea saa ngapi?"

"Neno moja, mwalimu. Kwani akimbia kwa mdomo?" Kisha akamgeukia Twaha. "Na wewe, baba, ukimsikia, umsamehe upesi."

Mwalimu akacheka mpaka akashika magoti. Halafu akaacha kucheka, nikamwona anafikiri. Shule zote hupiga ukelele wa "Shika", akasema. Siku ya mashindano njia zote zinapiga kelele kwa pamoja, na mpokeaji hajui ni shika ya nani. Akatwambia kuanzia leo neno letu ni "Radhi". Tukafanya mazoezi hivyo wiki nzima. Karisa naye aliniomba radhi, ingawa alinipa kwa kulia na hakuwa na kosa lolote.

Changamwe uwanja wao ulikuwa na kokoto, na hewa ilikuwa na harufu ya mafuta mazito kutoka viwandani, harufu ambayo sisi wa Kisauni hatukuijua. Nilisimama mahali pangu nikitafuta kwa macho. Sikumwona. Nikatazama mbele, kule nitakakompa Twaha, na hapo ndipo nilipomwona Baba, nyuma ya kamba, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Katika sehemu zote za uwanja ule, alikuwa amechagua kusimama pale.

Karisa alikuja. Nikasikia "Radhi!", nikatupa mkono wa shoto nyuma, kijiti kikaingia. Nikakimbia. Nisikudanganyeni, nilikimbia kama sijawahi kukimbia tena maishani, hata mgambo wa Kongowea hawakuwahi kunikimbiza hivyo. Pande zote mbili watu wanapiga "Shika! Shika!", na mtoto mmoja kwenye njia ya ndani akautoa mkono kwa shika isiyokuwa yake, akarudi kutafuta kijiti chini. Twaha aliondoka kwenye alama bila kugeuka. Nikaunyosha mkono wangu wa shoto mbele ya babangu, nikapiga ukelele wa radhi kwa nguvu zote za kifua. Ukelele ule haukuwa wa Twaha.

Tulimaliza wa pili. Wa nne wetu alikuwa mzuri, lakini wa nne wa shule iliyotushinda alikuwa na ndevu, na nyinyi wa rika langu mwakumbuka madarasa ya saba yalivyokuwa na watu wazima.

Baba alipita chini ya kamba akaja anacheka. "Ulikuwa wamtaka radhi nani, mji mzima?" Nilikuwa nimeuficha mkono nyuma. Akamwomba mwalimu ruhusa, akanichukua kibandani kwake, si mbali, ninywe soda wakati wengine wanaendelea na mashindano. Kibanda kilikuwa kidogo, vipande vya vitambaa chini kama majani, harufu ya mafuta ya cherehani na makaa ya pasi. Akanikalisha kwenye kigoda. Alikuwa na shati la mteja la kumaliza, limebaki ukosi, akatandaza kitambaa, akachukua mkasi mkubwa mweusi, akaanza kukata.

Kwa mkono wa kushoto.

Soda ilibaki mdomoni sikuimeza. Nilimtazama anavyokata, mkono unateleza kwenye kitambaa bila kusimama. Mtu huyu nilimwona Idi zote akila kwa kulia, anatoa kwa kulia, anamsalimia mamake kwa kulia.

"Baba, Bibi ajua?"

"Ajua sana. Leso aliyokufunga wewe, mimi ndiye niliyeanza kufungwa." Aliendelea kukata. "Nikiwa kwake nala apendavyo. Huku nakata niwezavyo. Mkono huo umeutoa kwangu."

Nikauliza lile ambalo sikumwambia hata bibi. Niliuliza nikitazama chupa. "Kwa hivyo hukuondoka kwa sababu ya mkono wangu?"

Mkasi ukasimama. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Niliondoka kwa kuwa kazi ilikuwa huku, na mke alikuwa huku," akasema. "Mkono wako ulikuwa na kosa gani, Mbwana?"

Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo. Alinipa mkasi na kipande cha kitambaa. Ulikuwa mkasi wa watu wa shoto, aliuziwa na baharia wa meli moja bandarini, visu vyake vimepishana kinyume. Mkasi wa shuleni ulikuwa ukitafuna karatasi mkononi mwangu, mwalimu anasema sina akili ya mikono. Huu ulikata mstari mnyoofu mara ya kwanza. Nilikata mpaka kitambaa kikaisha, akanipa kingine.

Baada ya hitima, mwezi huu uliopita, ndugu yangu wa Magongo, Jafari, mtoto wa mama mwingine lakini ndugu wa kweli, aliniuliza katika vitu vya mzee nataka nini. Nyumba ibaki kwenu, nikamwambia, mimi nina zangu. Nataka mkasi.

"Ule wa baharia?" akasema. "Kaka, ule ulikufa. Kila fundi aliyeujaribu alisema haukati. Nimeuuza kwa mama wa vyuma chakavu."

Nikaenda na kanzu yangu ile ya hitima. Mama mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mizani, katikati ya marimu na mabati. Mkasi ulikuwa juu ya lundo, una kutu kidogo kwenye msumari wa katikati. Nikauliza bei. Akasema, kwa mia mbili chukua baba, lakini sikufichi, huo hata kucha haukati.

Ningetoa mia mbili nikaondoka. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na mimi akili ya biashara hakuna wa kunifundisha. Lakini yule mama alikuwa ameutukana mkasi wa babangu. Nikaokota boksi tupu la sabuni, nikautia mkasi mkono wa shoto, nikakata mbele yake: kwanza mstari, kisha mviringo, kisha ukosi wa shati kama nilivyomwona Baba akiukata siku ile. Vipande vikaanguka miguuni pangu, kingo zake safi. Watu waliokuwa wakipima vyuma wakaacha kupima.

Mama akautazama ukosi ule wa boksi, akaunyanyua, akaugeuza.

"Kumbe mzima," akasema. "Basi baba, hicho si chuma tena. Hicho ni mkasi."

Nilimlipa shilingi elfu nne mia saba na hamsini.